Misumari Niliyopiga kwa Heshima

Vijana wangu mnaoshika drili na kupanda juu ya nyumba za watu hapa Bariadi, kuna swali mnaniuliza kila mnaponikuta nimekaa nje ya duka la vifaa vya ujenzi: mzee Maduhu, usajili wa ukandarasi uliupataje? Mnauliza mkiwa na simu mkononi, tayari kuandika. Mnataka orodha. Orodha mnayo tayari, ipo kwenye mfumo, mkibonyeza inashuka yenyewe. Mimi ninachoweza kuwapa ni namna nilivyoukosa mara ya kwanza, tena kwa paa la nyumba ya mama mkwe wangu. Kaeni basi, magoti yangu hayanipeleki popote leo.

Nimepaua nyumba kwa zaidi ya miaka thelathini. Sehemu kubwa ya miaka hiyo jasho lilikuwa langu na jina lilikuwa la mtu mwingine. Mkandarasi mwenye usajili anapata tenda ya madarasa, anakuja na gari, anakaa kivulini, anasema, "Maduhu, twende kazi." Mimi napanda. Kazi ikiisha, kibao cha mradi kinabaki kimesimama pale barabarani kikiwa na jina lake. Siku moja tulipita Bukundi na mke wangu Minza, mbele ya zahanati niliyoipaua. Nikamwonyesha kwa kidole, kifua mbele: "Paa lile ni langu." Minza akasoma kibao kwa sauti mpaka mwisho, akaniangalia, akanyamaza. Kunyamaza kwa Minza kunauma kuliko matusi. Siku hiyo nikaamua kwamba nitasajiliwa, na jina langu litasimama kwenye kibao, hata kama ni kibao cha choo cha shule.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchonga muhuri. Sikuwa na kampuni, sikuwa na leseni, sikuwa na cheti, lakini muhuri nilikuwa nao. Kampuni niliipa jina refu lenye "Jenero Saplaizi" mwishoni kwa sababu kila mtu mjini alikuwa ameliweka, nami nikaona bila hilo nitaonekana mshamba. Nilipiga muhuri kila kitu: daftari la watoto, kadi ya mchango wa harusi, hata risiti ya kununua mbuzi. Ofisi yangu ilikuwa chumba kilichopakana na mashine ya kusaga, na kila karatasi niliyopeleka kwa wakubwa ilifika ikiwa na unga.

Kisha wakaniambia ukandarasi wa paa unataka mtu mwenye cheti cha ufundi. Nikaenda kufanya mtihani nikiwa na mvi mbili tatu, nimekaa katikati ya vijana ambao baadhi yao nilipaua nyumba walimozaliwa. Swali la kwanza lilisema, taja vifaa vinne vya usalama kazini. Nikaandika: ngazi, kamba, maombi. Cha nne sikukikumbuka. Msahihishaji alinizungushia duara jekundu kwenye maombi. Kwa vitendo nilifaulu, kwa nadharia nikarudia, na nilipokipata cheti hatimaye nilipiga muhuri wangu mwenyewe juu yake, ikabidi niombe kingine.

Nacheka leo, lakini kazi yenyewe niliijua, na niliijua kwa sababu ya mtu mmoja, Fundi Masanja, aliyenichukua nikiwa sijui hata kushika nyundo. Masanja hakuwa na cheti. Alikuwa na ndoo. Akimaliza paa, kabla hajakunja mikono, anapanda na ndoo ya maji, anamwaga kutoka kwenye kofia ya paa, kileleni kabisa, taratibu, kipande kwa kipande, na mmoja wetu anakaa ndani akiangalia juu. Tone moja likipita, hakuna kulipwa na hakuna kula. Alinifundisha kutangulia jua, maana bati la saa sita linachoma mpaka nyayo. Alinifundisha kuvaa raba zenye soli laini na kukanyaga kwenye mstari wa misumari, pale ambapo chini yake pana papi, zile mbao za kulalia bati. Msumari tunaupiga kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde, kwa sababu maji yanapita bondeni. Ukikosa papi, usijidanganye kwamba msumari umeshika. Ule ni tundu tu lenye kofia.

Na upepo. Huku kwetu mtu huwa anaangalia upepo wa mvua unatokea upande gani, ndipo aanze kulaza bati kutoka upande wa pili, ili mapandiano, pale bati linapolalia jingine, yaupe upepo mgongo. Nilipojifanya najua zaidi ya Masanja, kule Mwamapalala, niliacha bati saba bila kuzifunga nikaenda kunywa uji. Kimbunga cha vumbi kikapita. Moja tuliikuta kwenye shamba la pamba, mwenye shamba ameshaigeuza mlango wa banda la mbuzi, na hakuwa na mpango wa kuirudisha. Masanja hakunigombeza. Alinipeleka kwa yule mwenye shamba nikamfungie bawaba.

Sasa turudi kwenye usajili. Bodi ya kusajili makandarasi ilitaka kazi moja iliyokamilika, niliyoifanya kwa mkono wangu tangu kenchi, zile mbao za kubeba paa, mpaka kofia, na mwenye nyumba aweke saini kwamba ni kweli. Mtaalamu wao angekuja kuikagua. Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu kazi zangu zote kubwa zilikuwa na majina ya wengine. Iliyokuwa yangu kabisa, isiyo na ubishi, ilikuwa moja: nyumba ya mama mkwe kule Ipililo, Maswa, niliyompaulia kama zawadi misimu mitatu ya mvua kabla ya hapo. Mama mkwe aliweka dole gumba kwenye barua. Jina lake sikulitaja siku ile, na hata leo silitaji, Minza aliliandika yeye.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa nyie mliooa. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunazungumza kila mmoja akitazama pembeni, na maneno mazito yalipitia kwa Minza hata kama tumeketi hatua tano. Humkaribii kitandani kwake, hutaji kitanda chake, na hakika husimami juu yake. Sasa mpaua paa anafanya nini, kama si kusimama juu ya kila kitu kilichomo ndani ya nyumba?

Ningeweza kumwita fundi mwingine apige upande ule wa chumba chake. Kila mtu wa akili angefanya hivyo. Lakini nilikuwa nimeshatangaza kijiji kizima kwamba paa lote litatoka kwenye mkono wa mkwe, bati kwa bati, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Kwa hiyo nikabuni njia. Kenchi na papi za chumba kile nilizifunga nikiwa kwenye ngazi ndani, kwa hoja kwamba chumba kisicho na mlango bado si chumba cha mtu. Bati nikazipiga bila kukanyaga: sehemu ya juu nililala kifudifudi upande wa sebuleni, nikauning'iniza mkono ng'ambo ya kofia, sehemu ya chini nikaegemeza ngazi ukutani kwa nje. Kuingia niliona si kosa, kusimama juu nikaona kosa. Msiniulize mantiki, hata mimi nimeitafuta.

Katikati, mahali ambapo mkono haukufika kutoka juu wala kutoka chini, niliinyoosha nyundo nikapiga kwa kukisia. Minza alikuwa chini anapika. Akaniuliza, "Baba Jilala, mbona huko unagonga kama unaogopa kumwamsha mtoto?" Nikamwambia hiyo ni heshima. Na ndoo ya Masanja? Sikuimwaga upande ule. Kummwagia maji mama mkwe juu ya chumba chake, hata kama bado hajahamia, niliona ni utovu wa adabu wa kupindukia. Nikashuka, nikala kuku, nikasifiwa.

Siku ya ukaguzi alikuja injinia mwanamke, mtu wa Tanga, mpole, mwenye Kiswahili cha kunyooka na suruali chini ya gauni. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Muhuri ulikuwa mfukoni. Akazunguka nyumba, akapima mwinuko, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaanza kuona kibao barabarani na jina langu juu yake. Kisha akasema, "Haya fundi, panda nikuone unavyoikanyaga kazi yako. Nielezee bati baada ya bati."

Mama mkwe alikuwa ndani, chumbani kwake. Alikuwa ameamkia huko na hakuwa na dalili ya kutoka.

"Injinia," nikasema, "goti."

"Goti limefanya nini?"

"Linauma tangu jana."

Wakati ule goti lilikuwa zima. Haya yanayonitesa sasa naona yalikuja kudai ule uongo. Injinia hakubisha, alivua viatu, akavaa raba, akapanda mwenyewe. Upande wa sebuleni nilimsikia anatembea bila shida, anaguna "vizuri, vizuri." Alipovuka kofia kwenda upande wa pili, hatua zikasimama. Bati likalia mara moja, kisha mara ya pili, kama linachezacheza.

"Fundi," akaita. "Nani kagonga misumari huku?"

Vijana, naweza kuwaambia kwamba nilinyooka kama mwanamume nikakiri. Ningependa iwe hivyo. Nilichosema ni hiki: "Kibarua mmoja, injinia. Alishaondoka."

Sikuwa nimefunga mdomo vizuri, sauti ikatoka ndani ya nyumba, kupitia ukuta, haikunilenga mimi bali binti yake: "Minza! Mwambie mgeni, hapa hakupanda kibarua. Alipanda mtu mmoja duhu, mmoja tu."

Minza alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama kwa ile namna ya Bukundi. Injinia akashuka, akakung'uta mikono, akamwuliza Minza kama anaweza kuingia kumwamkia mama. Nikawasikia ndani wakisalimiana, mwangaluka, mwangaluka mayu, kisha sauti zikashuka. Mimi nilibaki uani nikihesabu kuku wasio wangu.

Injinia alipotoka alikuwa na beseni mkononi. Beseni la plastiki, la bluu, chini kabisa limeacha duara jeupe la maji yaliyokauka mara nyingi. Hakuliweka chini, alinishikisha.

"Hili lilikuwa juu ya kitanda," akasema. "Kitanda kimehamishwa kona tatu. Godoro limeoza upande mmoja. Misimu mitatu, fundi. Mvua ikianza, mama anakaa kwenye kigoda mpaka ikatike."

Minza akaingia ndani mbio. "Mayu, misimu mitatu! Mimi binti yako nakuja hapa kila Krismasi, hukuniambia?"

Nikamsikia mama mkwe akijibu, pole pole, wala hakuwa na hasira. "Ningekuambia, ungemwambia mumeo. Angejua kitanda changu kimelowa. Mkwe ajue habari ya kitanda changu? Yaya, hapana, mwanangu. Nilisema mvua huisha."

Nimewahi kuanguka kutoka kwenye kenchi mara mbili, nimewahi kupigwa na bati usoni. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale nimeshika lile beseni. Mimi nilikuwa nalala Bariadi chini ya paa kavu, mvua ikipiga najifunika shuka na kujisifu kwa Minza jinsi mama anavyofaidi. Na yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda, ananifichia aibu yangu kwa sababu ya heshima ileile niliyoitumia kumharibia paa.

Nikamwendea injinia. "Kibarua hakuwepo," nikasema. "Ni mimi. Sikukanyaga kwa sababu ni chumba cha mama mkwe." Nikamweleza yote, mpaka nilivyolala kifudifudi. Alisikiliza bila kucheka, ingawa kona ya mdomo ilimsumbua. Akasema kwao Tanga nako wapo wakwe, lakini yeye anakagua paa. "Siwezi kuandika kwamba kazi hii imekamilika, na uongo wa goti na kibarua umenisikitisha zaidi ya misumari. Rekebisha. Nitarudi mvua za kwanza zikishanyesha, wala sitakuja na maswali, nitaangalia tu." Akaandika, akapanda gari. Usajili ukaondoka naye.

Sasa kurekebisha. Nikamwambia Minza nitamleta fundi kutoka Maswa mjini, safari hii sina kiburi tena. Minza akaingia kumweleza mama, akatoka amebana midomo asicheke. "Mama anasema hataki fundi mwingine. Anasema, kitanda kikitoka, chumba kinabaki chumba. Wewe kaa nyuma ya zizi usiangalie."

Nikaenda nyuma ya zizi. Wanawake wa jirani walikuja wanne, wakabeba kitanda, godoro, kanga, kigoda, kila kitu chake, wakavipeleka kwa dada yake ng'ambo ya bonde, na mama mkwe akatangulia mbele na mkongojo wake bila kugeuka. Alikaa huko siku mbili. Kabla hajafika mbali alimwita Minza na kumpa maneno ya kunifikishia. Nayakumbuka mpaka leo: "Mwambie, hata siku ile ya kwanza angeuliza, ningemwambia apande."

Vijana, niliyajua mambo ya upepo, ya papi, ya mapandiano. Misimu mitatu ya maji kitandani ilitokana na swali moja ambalo sikuliuliza kwa kuwa nilijiona najua adabu kuliko mwenye nyumba. Siku hizi mkija kwenye kazi, kabla hamjafungua mzigo wa bati, muulizeni mwenye nyumba kuna mahali gani hataki mpite, na kama papo, nini kifanyike ili mpite. Wengine wana kaburi karibu na msingi. Wengine wana mwari ndani. Watawaambia wenyewe, na mara nyingi dawa yake ni ndogo kuliko mnavyodhani.

Nilipanda nikasimama juu ya chumba kile kwa miguu yote miwili. Niling'oa bati za upande mzima. Misumari niliyoipiga kwa heshima karibu yote ilikuwa imepita pembeni mwa papi, na mingine ilikuwa kwenye bonde kabisa, kosa ambalo Masanja angeninyima chakula kwa juma zima. Nikavuta uzi upya, nikalaza bati mpya za geji nzito nilizonunua mwenyewe, nikapiga kila msumari nikiuona kwa macho. Kisha nikapanda na ndoo. Nilimwaga maji mpaka kisima cha jirani kikalalamika, Minza akiwa ndani ameangalia juu. "Pakavu," akasema. Nikamwaga tena. "Baba Jilala, nimesema pakavu." Nikamwaga tena. Ndipo kitanda kikarudi.

Mvua za kwanza zilikuja na radi na upepo wa kung'oa mihogo. Tulikuwa tumelala Ipililo kwa yule dada wa mama mkwe, mimi na Minza, nami sikusinzia. Asubuhi, ardhi bado inatoa mvuke, gari la injinia likaingia uani kwa mama mkwe, nasi tumeshavuka bonde. Alipita ndani, akatoka, akapanda, akashuka. Akaandika kwenye magoti yake, akanipa nisome. Niliona neno "inapendekezwa" na jina langu, lote, limeandikwa sawasawa. Minza alilisoma kwa sauti mara mbili. Nilitoa muhuri mfukoni kwa mazoea, injinia akaniambia niurudishe.

Wakati huo mama mkwe akatoka mlangoni. Nikageuza uso pembeni kama desturi, nikingoja amwite Minza. Hakumwita. Alisimama pale, akaniita mkwe kwa Kisukuma, mimi mwenyewe, mbele ya watu:

"Mkwilima. Imenyesha usiku kucha. Nimelala."

Machozi yakanijia, na mkandarasi mpya hatakiwi kulia mbele ya injinia, kwa hiyo nikaidaka ngazi nikaanza kupanda haraka, eti nikaangalie kofia ya paa. Nilifika ngazi ya nne nikakumbuka kwamba kitanda kimerudi. Ikabidi nishuke hivyohivyo, uso umelowa, na wote watatu wakiniangalia.